Nembo mbili kwenye tovuti yangu

Zule, uko wapi?

Natoka dukani kwa Abdulrazak, yule anayeniuzia mabati Kariakoo. Kanifungulia tovuti ya kampuni yangu ya kuezeka kwenye simu yake. Nembo yake iko pale kwenye orodha ya wanaoniuzia mabati, na pembeni nembo ya Wilbert, mshindani wake.

Hakufoka, Zule. Alitabasamu! "Dada Severa, umeniweka jirani na adui yangu?"

Nikamwambia wateja wanapenda kuchagua. Akasema, "Sawa, na mimi nachagua."

Akampigia dereva aliyebeba mabati yangu, yuko foleni ya feri Magogoni. "Geuza gari." Mbele yangu! Geuza gari!

Na Kigamboni tumeshaezua nyumba ya mteja wangu, Mama Hyasinta. Amelala mgonjwa humo humo, na wingu limetanda.

Nikampigia Wilbert anisaidie. Akasema, "Hata mimi nimeiona hiyo tovuti." Akakata.