Mkasi Umegoma Kutoka

Shoga, dada amenaswa na mkasi wake mwenyewe wa kushonea. Kidole kimevimba ndani ya tundu la mkasi, hakitoki. Sabuni, mafuta, wapi.

Kumbe siku hizi akiushika asubuhi hauachii mpaka jioni, maana kuutoa kunamuuma. Na sisi tunamsifia bidii.

Mteja wake mmoja, muuguzi, akamuuliza, "Asubuhi vidole vinakakamaa kwa muda gani?"

"Saa nzima."

"Mikono yote miwili?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Huu si uchovu, fundi. Nenda kwa daktari bingwa wa viungo, wiki hii hii."

Miezi minne, shoga. Na tunalala chumba kimoja.

Unajua amejibu nini, mkasi ungali kidoleni? "Nimalizie gauni hili kwanza."