Klorini Uliyotia Kwenye Maji Yetu

Ami yangu uliye Unguja,

Sauti zako zote ulizotuma kwenye simu ya mama nimezisikiliza. Sikujibu. Mie kusema hunishinda, unajua. Kuandika naweza.

Unakumbuka ulivyoifumua ile raketi ya kuulia mbu pale kibandani kwako pa kutengenezea redio, Tibirinzi? Nilikuletea daftari langu la sayansi, ukacheka: "Yaani cheche za mbu ndo ziue na bakteria?" Nikakueleza kwa kisauti changu kwamba cheche huipasua hewa juu ya maji, hewa hiyo ikaingia majini, maji yakawa makali ya kuua vijidudu, kisha yakarudi kuwa maji tu. Huna dawa ya kununua wala chupa ya kutupa. Ni hewa, maji na umeme wa jua. Skuli tunayaita maji ya plazma.

Ukaacha redio za watu ukafanya yangu. Cheche ya zambarau ilipolia juu ya bakuli na kikaratasi cha kupimia nguvu ya maji kikageuka buluu, ukaniita "injinia". Nilikwenda nyumbani nacheka peke yangu njia nzima.

Siku ya maonyesho nilisimama mbele ya wazee na wageni. Nikasema kwa Kiingereza, nikarudia kwa Kiswahili: "Hamna dawa yoyote humu." Nikaosha visu vya wauza samaki kwa maji uliyoniletea. Nawe ulikuwa mstari wa mbele, ami. Ulipiga makofi kushinda wote.

Nyumbani nikaona sketi yangu ya buluu imetoka mabaka meupe pale maji yaliporuka. Maji yetu hayachujui nguo. Nikaja kwako mbio.

"Ami, umetia nini mle?"

"Klorini. Kidogo tu, mwanangu. Asubuhi nilipima, kikaratasi hakikugeuka. Weye ungefanya nini, ulie mbele za watu?"

"Uliyatengeneza lini?"

"Jumatano, siku tatu kabla. Niliogopa wingu lisije likatunyima umeme wa jua. Kwani kombe la bibi si hukaa chupani siku saba, kila asubuhi funda moja, na nguvu yake iko pale pale?"

Ami, yale si kombe! Kombe ni aya za zafarani zilizooshwa kwa maji ya kunywa, na imani ya bibi. Haya nguvu yake hupungua kila saa, na kwa joto letu ndo kabisa. Nilikuwa nimeandika daftarini, ila kwa Kiingereza, na niliona haya kukusomea, usije ukadhani nakufundisha. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Lakini ungeniuliza. Dakika ishirini tu tungepata mengine mapya. Badala yake ukaniacha niape mbele za watu kwa kitu ulichojua si kweli. Nilipolia ukasema, "Basi, injinia, nimekuokoa. Nyamaza, nani atajua?" Wiki ile ile ukapanda boti kwenda kazini kwako kupya.

Siku zile nilikuwa sili. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa anaandaa karatasi za kuipeleka kazi yetu mashindanoni. Wauza samaki wananisimamisha njiani: "Mwanangu, maji yako lini?" Nawaamkia, naangalia chini.

Jana nimemwambia mwalimu. Nimemwomba niseme darasani mwenyewe, nikasema. Mmoja nyuma akanizomea, "Injinia wa klorini huyo!" wakacheka. Mwalimu akazirarua karatasi za mashindano. Akasema nianze upya, maji yatengenezwe pale pale mbele yake, visu vioshwe hapo hapo. Kisha akauliza, "Na klorini alitia nani?"

Nilitaka kusema ni mie, ami. Ningesema mie ungebaki ami yangu wa zamani kwa watu wote, na mie nikabaki muongo.

Nimekutaja kwa jina.

Mtoto wa kaka yako,
Rahma