Bunduki ya Kwanza ya Baba Yako

Mpwa wangu Neema,

Marahaba, najua umeshaniamkia. Huku Mikumi hata nyani wa barabarani wananipisha, maana bila mjomba wako, baba yako asingejua kuchagua bunduki ya nyati.

Kibali cha kuwinda kapata yeye. Mimi niliyeua nyati kwa jiwe kule Kisanga, sina! Basi, jana mwenye kambi ya uwindaji, nje ya hifadhi, katutolea bunduki mbili tujaribu kulenga debe, ili baba yako achague yake. Baba yako akachagua nyepesi, eti inamkaa begani. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo ya kufukuzia ngedere kwenye mahindi! Dume hushika hili kubwa."

"Lishike wewe, dume."

Nikafyatua. Debe halikuguswa. Yeye kalitoboa katikati, wote wakampigia makofi, na jioni yote akawa anaipangusa bunduki yake kama bwana harusi na kanzu mpya. Roho inaniuma, sifichi.

Msalimie dada yangu, Mungu awalinde, mvua isiwapite. Na mwandiko umeshautambua: ni wa baba yako. Lile kubwa liliniangusha chali, mkono wa kulia hauinuki. Mimi natamka, yeye anaandika huku anacheka.

Mjomba wako