Mlima Uliomchukua Keinan

Bulla Iftin, Garissa

Kwa dada yangu, abaayo Timiro,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Natumai barua hii inakukuta huko Banissa ukiwa mzima, wewe na watoto, na kwamba mbuzi wameanza kushiba. Sisi tunapumua. Mama yetu, Hooyo, bado anasumbuliwa na magoti. Ningekupigia simu, lakini haya nimeona heri niyaandike.

Juzi tulipata mgeni, Mahat, yule aliyekuwa akiishi na kaka yetu Keinan kule Norwe. Unakumbuka tulivyoambiwa kwamba Keinan alifia kazini, akisafisha theluji barabarani. Baba yetu, Aabo, alijifariji kwa habari hiyo. Aliwaambia wazee wa Modogashe kwamba mwanawe alikufa akitafuta riziki, nao wakampa heshima.

Mahat hakutaka uongo ule uendelee. Alimwambia Aabo kwamba siku ile hawakuwa kazini. Majira ya baridi ya kule yalikuwa yanaisha. Waliondoka asubuhi kwa baiskeli, mbao zao za kutelezea thelujini zimefungwa mgongoni, wakapita mashamba yaliyokwisha kuchanua mpaka njia ikazibwa na theluji. Hapo wakaziacha baiskeli. Ubao wenyewe, alieleza, hugawanyika vipande viwili na kuwa kama viatu virefu vya kupandia mlima. Ukifika juu unauunga, unasimama juu yake na kuteleza hadi chini. Aabo akamuuliza huko juu walifuata nini. Mahat akasema hakukuwa na kitu. Walipanda ili washuke.

Abaayo, ungeuona uso wa Aabo! Ngamia wake majike aliwauza ili Keinan asafiri. Alisema polepole kwamba kumbe mwanawe alikufa akicheza, akachukua bakora yake akatoka. Jina la Keinan akalipiga marufuku nyumbani.

Nilimgeukia Mahat kwa hasira, nikamuuliza alikuja kutuongezea nini. Ndipo aliponimalizia habari. Keinan alishuka wa kwanza, salama, akafika kwenye baiskeli. Jua lilikuwa limeilegeza theluji. Ikaporomoka na kumfukia Mahat nyuma yake. Keinan akaugawa tena ubao wake, akapanda. Alichimba kwa mikono mpaka uso wa Mahat ukatokea. Kisha theluji iliyobaki juu ikashuka. Watu walipofika, Mahat alikuwa hai. Ndugu yetu hakuwa.

Nilimkimbilia Aabo hadi kwenye soko la mifugo, nikamweleza yote mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani atalia. Akasema, “Kwa hiyo nimetoa ngamia, nimetoa na mwana, halafu mama yake Mahat ndiye aliyerudishiwa mtoto?” Akaendelea kupatana bei ya beberu.

Mahat aliondoka asubuhi bila Aabo kumpa mkono. Mimi nilimsindikiza hadi kwenye basi, nikamtakia safari njema. Lakini kwako sitajifanya mwema, abaayo. Neno la Aabo lilikuwa moyoni mwangu kabla halijatoka kinywani mwake. Nilipomwona Mahat akishika kikombe chetu kwa vidole vizima, nilitamani angebaki chini ya theluji ile. Nimeomba toba, na bado natamani.

Hooyo anakusalimu, anawabusu watoto. Wasomee dua wote waliotangulia, na Keinan mtaje kwa jina, kwa sauti, maana hapa tunamwombea kimyakimya.

Mdogo wako,
Idman Korane