Saa Moja Niliyoikataa

Mado, mujukuu wangu,

Jambo sana huko Lubumbashi. Sisi huku Kamina tuko wazima. Mama yako iko anavuna mihogo, na goti yangu inauma kidogo tu.

Umeniuliza ndege inachukua saa ngapi toka huku mpaka kwenu. Ni saa moja. Minyi najua, maana niliikataa.

Dada yangu Yolanda alikufa huko wakati nilikuwa kijana. Jirani yangu, bibi ya askari, alinipatia nafasi mu ndege ya base ya baaskari, lakini bila muzigo.

Nikamwambia, "Niingie ku kilio mikono mitupu? Bantu batasema nini?"

Nikapanda treni na gunia ya unga. Bukama nikaongeza samaki. Kufika Luena, treni ikaharibika, tukalala pale siku tatu. Nilipofika, kaburi ilikuwa bado mbichi. Unga ikapikwa, bantu bakakula, bakanishukuru sana. Uso ya dada yangu sikuiona.

Mado, siku batakuita juu ya kilio yangu, usipite ku soko. Panda ndege, kuja na mikono mitupu. Unga, minyi sitakula tena.

Ni minyi, nkambo yako.