Ngumi Zimemfuta Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mtaani kwetu mimi ndiye fundi mkuu wa televisheni na hakuna king'amuzi kinachonishinda. Basi, nimedanganya, mimi ni fundi viatu mstaafu, na shule niliiacha pale hesabu zilipoanza kuwa na herufi. Nilitaka kurekodi pambano la ngumi kwa picha za HD, kwa sababu saa hiyohiyo mama watoto alitaka twende kwa dada yake, na jirani akaniambia usihangaike na mashine za bei, king'amuzi chako kina tundu la fleshi na rimoti ina kitufe chekundu, chomeka tu, nami nikachukua fleshi iliyokuwa kabatini ndani ya kikombe kisicho na mkono, nikachomeka, kioo kikaleta swali la Kiingereza, na mimi swali nisilolielewa hulijibu ndiyo, ndivyo nilivyodumu kwenye ndoa miaka arobaini na mmoja.

Nikabonyeza OK. Ngumi zimetoka safi, hata matone ya jasho unayahesabu. Jana mama watoto akaniambia Jumapili ndugu zake wanakuja kumwona marehemu mama yao, ile video anamowaaga mmoja mmoja kwa jina, iko kwenye fleshi, ndani ya kikombe. Mshauri, nilisubiri alale, nikaichomeka tena. Nimepekua fleshi nzima, mama mkwe hayumo, wamo mabondia wawili. Nilimzika kwa heshima zote mwaka juzi, na sasa nimemzika tena. Mke wangu akifuta vumbi kwenye televisheni, mimi nakohoa tu.

Nakudai fadhila ndogo. Kisigino chako kilipong'oka mlangoni pa ofisi yenu nilikigonga bure, ukasema utanilipa. Nilipe sasa: barua hii isitoke kabla ya Jumapili, maana mama watoto huusoma ukurasa wako kabla ya chai.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, pole, ila umenitoa jasho kuliko hao mabondia. Swali lile lilikuuliza kama fleshi ifutwe yote. Usirekodi tena humo, hata taarifa ya habari. Kilichofutwa mara nyingi hubaki kimejificha mpaka kitu kingine kikikalie, na ngumi zako zimeshakalia sehemu. Ipeleke kwa fundi kompyuta leo. Siahidi kitu.

Halafu, video haikujipiga yenyewe. Umeniandikia mpaka kikombe, lakini aliyeshika simu hukumtaja. Huenda bado anayo. Atakayemjua ni mkeo, kwa hiyo kwake ndiko pa kuanzia. Kaa naye jikoni, sema, "Nimefuta video ya mama," kisha nyamaza. Jirani usimtaje.

Njia ya kurekodi ni hiyohiyo, na ni rahisi kweli. Nunua fleshi yako, tena kubwa, HD inakula nafasi. Ifunge uzi mwekundu, ujaribu dakika tano kabla ya pambano.

Kuhusu fadhila, gazeti linatoka Jumamosi na sitaizuia barua yako. Nakala hii nimekuletea mlangoni kwako leo Alhamisi, umwahi mkeo kabla ya chai ya Jumamosi. Na kile kisigino kiling'oka tena wiki ileile, kwa hiyo nitakuletea ukigonge upya.