Na Daraja Liko Wapi?

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe.

Jana nilikuwa Mbinga, nikasimama tena katika lile ghala la kahawa. Kuta zimepakwa rangi. Ndoana ya mizani bado inaning'inia palepale.

Unakumbuka soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi na kila mnunuzi akaja na mizani yake. Mmoja alikuajiri umtengenezee mfumo wa kompyuta wa manunuzi. Ukaniambia nyumbani kwetu Kihagara, kule ziwani, ukipara samaki: "Nawapelekea wakulima mfano kwanza, bado mbichi. Waukosoe, waubomoe. Wakiubomoa mapema, nitawajengea kitu chao."

Uliwasha jenereta pale ghalani, ukawaita.

"Mla dagaa ametuletea televisheni!" mmoja alisema, wakacheka.

Ulikuwa umeingiza majina yao halisi, ili wauone mfumo kuwa ni wao. Kilo ulizibuni tu. Mzee Kapinga akaliona jina lake, na kando yake kilo kumi na mbili. Asubuhi ileile alikuwa ameshusha magunia kadhaa.

"Huu ni mfano tu, baba."

"Mifano tunaisikia kwa padri. Hapa umeandika jina langu!"

Nyuma mtu akafoka: "Wezi! Na daraja liko wapi? Kahawa safi na makapi ni sawa?"

Uligeuka kumtafuta aliyesema. Jiwe la mizani likakupata shavuni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Wakaiponda kompyuta kwa mipini ya majembe, kisha mipini hiyohiyo ikakugeukia wewe. Nilikushika miguu nikuvute chini ya lori. Buti la mtu likanivunja vidole. Walipochoka, kahawa iliyomwagika sakafuni ilikuwa imelowa damu yako.

Hospitalini taya lilikuwa limefungwa, ukasema kwa kubana meno: "Umesikia? Daraja la kahawa. Nililisahau kabisa. Mfano umefanya kazi."

Nilikuambia unyamaze. Jioni ile ukanyamaza moja kwa moja.

Jana mama mmoja alipimiwa kahawa yake. Karani akamgeuzia kioo cha kompyuta: jina, kilo, daraja. Mama akafuatisha kwa kidole.

"Daraja la pili? Hebu zitazame tena hizo punje, mwanangu."

Karani akazichambua kiganjani, akasahihisha. Hakuna aliyeokota jiwe.

Nilitaka kuwaambia safu ile ya tatu ilipatikanaje. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wanaulizia daraja lao.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako